Mkono Mmoja, Amana Mbili: Mwongozo wa Kutumia Winchi ya Lori la Kikapu Katika Kazi ya Miti

Mtu atokaye Barabara ya Ngong pale Adams Arcade, akashika Barabara ya Joseph Kang'ethe kuingia Woodley, aghalabu huinua macho kabla hajayatazama majumba, kwa kuwa miti ya mtaa huu imewatangulia kwa umri wengi wa wakazi wake. Nyumba za kwanza za Woodley zilijengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940, kabla Nairobi haijatunukiwa hadhi ya jiji mwaka 1950, na miche iliyotiwa ardhini zama zile, mijakaranda na mikaratusi na migrevilea, leo imekuwa magogo ambayo mtu mmoja hawezi kuyakumbatia. Walakini nafasi iliyokuwa imeizunguka imekwisha: penye ua pamesimama ghorofa, penye nyasi pameegeshwa magari, na baina ya tawi na tawi zimepita nyaya za umeme, za simu na za intaneti. Mti uliokuwa ukiweza kuangushwa kwa shoka na kamba leo hauna pa kuangukia, na kwa sababu hiyo huitwa lori lenye mkono na kikapu, limpandishe mkataji hadi kileleni, aushushe mti kipande kwa kipande.

Mwongozo huu nawaandikia watu wawili: msimamizi wa kundi la wakataji, na mwenye nyumba anayelipa gharama. Sitasema juu ya lori zima. Nitasema juu ya kifaa kimoja kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wake, ubavuni mwa kikapu, nacho ni mkono mdogo wenye winchi, kamba na kulabu, ambao umewekwa pale ili kuinua vitu. Kifaa hiki kina manufaa makubwa kwa anayekijua, ila kwa asiyekijua ndicho mlango wa mauti, na sababu yake ni moja: uzito wa gogo na uhai wa mkataji hutundikwa juu ya mkono mmoja. Mkono huo ukielemewa na gogo, hauwezi kuliangusha gogo ukambakiza mtu.

Ni vema ujue kwanza kilitoka wapi. Mkono wa lori la kikapu uliumbwa kumwinua mwanadamu na zana zake za mkononi. Mkono mdogo na winchi viliongezwa kwa ajili ya mafundi wa nyaya, wapate kupandisha mihimili ya nguzo, vikombe vya kushikia nyaya, na transfoma ndogo. Angalia basi tofauti iliyopo baina ya fundi wa nyaya na mkata miti. Transfoma huja na uzani wake umeandikwa ubavuni, na fundi huusoma kabla hajagusa kulabu. Gogo la mkaratusi halikuandikwa kitu. Kifaa kile kile ambacho kwa fundi wa umeme ni chombo cha hesabu, kwa mkata miti hugeuka kuwa chombo cha kubahatisha, isipokuwa mkataji mwenyewe awe tayari kufanya hesabu ambayo kiwanda hakikumfanyia.

Hesabu yenyewe si ngumu, nami nakusihi uijue kwa moyo. Mti mbichi uliojaa maji, hususan mkaratusi, hukaribia uzani wa maji yenyewe, yaani takriban tani moja kwa kila mita ya ujazo. Pima kipenyo cha gogo kwa sentimita, ukizidishe kwa chenyewe, kisha ulizidishe jibu kwa 0.08; utakachopata ni kilo za kila mita moja ya urefu. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 litakupa kilo 72 kwa mita. Gogo la sentimita 60 litakupa kilo 288. Tafakari hapo: kipenyo kimeongezeka mara mbili, lakini uzani umeongezeka mara nne, na jicho la mwanadamu, hata la fundi mzoefu, halioni mara nne, huona mara mbili tu. Kisha ongeza robo kwa ajili ya majani, vitawi, maji ya mvua yaliyokaa katika magamba, na upungufu wa makadirio yako mwenyewe. Utepe wa kupimia ni wa bei ndogo, na apandaye kikapuni asipande bila huo.

Ukisha kuujua uzani, nenda kwenye kibati. Kila lori la namna hii lililotengenezwa kihalali lina kibati au jedwali linaloonyesha mkono mdogo unaweza kubeba kilo ngapi ukiwa umetokeza kiasi gani na ukiwa katika pembe gani. Kosa linalotendeka mara nyingi ni kusoma tarakimu moja iliyo kubwa kuliko zote na kuitumia mahali pote. Mzigo wa kilo 100 ulio mita 3 kutoka katikati ya lori, na mzigo uo huo ulio mita 9, si mizigo miwili iliyo sawa. Wa pili hulivuta lori kuliangusha kwa nguvu mara tatu ya wa kwanza, ingawa mzani ungetoa jibu lile lile. Kadiri mkono unavyolala na kurefuka ndivyo haki yake ya kubeba inavyopungua, na hufika mahali ambapo haki hiyo ni sifuri, ijapokuwa winchi bado ina nguvu ya kuvuta. Usidanganywe na nguvu ya winchi. Winchi, kamba, kulabu, mkono mdogo na mkono mkubwa kila kimoja kina kikomo chake, na kinachotawala ni kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Fauka ya hayo, uzani wa mkono mdogo wenyewe, pamoja na winchi yake, umekwisha kula sehemu ya uwezo wa lori kabla gogo halijafungwa, na mtu aliye kikapuni na msumeno wake wanakula sehemu nyingine. Siku ambayo kazi ni ya kupunguza vitawi tu, kivue kifaa hicho ukiache chini. Hakikupi faida yoyote, ilhali kinakutwisha mzigo na kunasa katika matawi.

Na ikiwa kibati kimefutika, au lori lilikuja bila mkono mdogo wa kiwandani na mtu amekushauri ukautengenezee mjini, jibu lako na liwe hapana. Siwadharau mafundi wa chuma wa Kamukunji. Mikono yao imetia riziki katika nyumba nyingi za nchi hii, na ukitaka sufuria, jiko au sanduku la chuma huna haja ya kwenda mbali. Lakini moto wa kuunganishia chuma hubadili tabia ya chuma kilichopikwa kwa kipimo maalumu, na tundu linalotobolewa katika mkono wa faibaglasi huingiza maji na kuvunja kinga yake dhidi ya umeme. Kulabu iliyochomelewa chini ya kikapu haina jedwali, na kisicho na jedwali hakina kiwango cha kukiamini.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limewaponza wengi waliojua yote niliyokwisha kuyasema. Mzigo uliotulia na mzigo unaoanguka ni vitu viwili mbalimbali. Chukua kipande cha kilo 50, ambacho vijana wawili hukibeba bila taabu. Kikate, kianguke mita moja, kisha kamba ikidake na kukisimamisha ndani ya sentimita 10. Katika kile kitambo cha kusimamishwa, kamba haikubeba kilo 50. Kwa wastani imebeba nguvu ya kilo 550, na kilele chake huenda kikazidi hapo. Mkono wa lori ulioumbwa kumwinua mtu polepole haukuandaliwa kwa pigo la namna hiyo. Kwa hiyo shika kanuni hii bila kuilegeza hata siku moja: winchi ya lori haidaki, huupokea mzigo kabla haujakatwa.

Namna ya kuupokea ni hii. Weka ncha ya mkono mdogo juu kabisa ya kipande, wima, hata kamba ining'inie kama timazi ya mwashi. Funga kipande mahali ambapo pande zake mbili zinalingana kwa uzani, ukikumbuka kwamba upande wa majani huwa mzito kuliko unavyodhaniwa, na umfungie mtu wa chini kamba ya pili ya kukiongozea kipande. Vuta winchi taratibu mpaka kamba inyooke, kisha usimame. Mtu mwenye haraka huvuta zaidi ya hapo akidhani anajiongezea usalama, kumbe anaupinda mkono wa lori kama upinde wa mshale. Msumeno utakapomaliza kukata, kipande kitaruka, na mkono utarudi juu kwa ghafula na kumrusha aliye kikapuni. Kinyume chake, kamba ikilegea, kipande kitaanguka kabla ya kudakwa, na hesabu ya kilo 550 itakuwa imetimia. Ukweli upo baina ya hizo mbili, na hupatikana kwa mazoezi ya vipande vidogo kabla ya vikubwa. Mkataji akae juu ya kipande na kando yake, kamwe asiwe chini yake, na mkanda wake wa usalama ufungwe penye kishikizo cha mkono wa lori, usifungwe kwenye mti.

Usivute kwa ubavu. Mkono mdogo umeumbwa kubeba kutoka juu kwenda chini, na kulivuta gogo kwa mshazari, au kuuelekeza mti uanguke upande utakao kwa kuukokota na winchi, ni kuutaka mkono usimame dhidi ya nguvu ambayo hakuna aliyeihesabia. Vivyo hivyo usitumie kikapu kusukumia tawi lililokwama.

Mabaharia wa pwani yetu walilijua jambo la kamba karne nyingi kabla ya lori. Nahodha wa jahazi haamini henza wala gofia kwa sababu jana vilipandisha foromali salama. Huvitazama asubuhi kwa macho, huvipapasa kwa vidole, na uzi uliolika huuondoa kabla ya kutweka. Fanya hivyo kwa kamba ya winchi na kanda za kuinulia. Mahali palipochubuka, palipoyeyuka kwa joto la msuguano, palipokauka utomvu na kukakamaa, ni mahali pa kukatia kamba na kuitupa. Fundo huondoa takriban thuluthi moja ya nguvu za kamba, wakati mwingine zaidi, na kwa hiyo kanda zilizoshonwa kiwandani ni bora. Na ukitumia kamba mbili kuelekea kulabu moja, angalia pembe iliyo baina yao, kwa maana ikifika digrii 120 kila kamba hubeba uzani mzima wa mzigo kana kwamba mwenzake hayupo.

Tutoke juu tushuke chini, maana lori huanguka kwa miguu yake. Udongo mwekundu wa upande huu wa Nairobi huonekana madhubuti wakati wa kiangazi, lakini baada ya wiki mbili za masika, ile mvua ya Machi hadi Mei, hulainika hata mguu wa chuma ukazama polepole bila ya sauti, na dereva hatambui mpaka lori limekwisha kuinama. Katika nyua za zamani kuna jambo baya kuliko udongo laini: mashimo ya maji taka yaliyofunikwa kwa saruji, na mifereji iliyosahauliwa. Muulize mwenye nyumba, na mzee wa mtaa kama yupo, kabla ya kushusha miguu. Tandaza mbao nene na pana chini ya kila mguu, tia kabari nyuma ya magurudumu, hakikisha lori limelala sawa kwa pimamaji, kisha uzungushe mkono mtupu duara nzima ukitazama kama kuna mguu unaoachana na ardhi. Mguu ukiinuka mkono ukiwa mtupu, seuze ukiwa na gogo.

Kuhusu umeme nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa watu hudanganywa na neno moja la kweli. Huambiwa kwamba mkono wa lori una sehemu ya faibaglasi inayozuia umeme, na hilo ni kweli kwa malori yaliyotengenezwa hivyo. Lakini kinga hiyo hukata njia moja tu, ile inayoshuka kupitia lori kwenda ardhini. Haimkingi mtu aliyeshika tawi ambalo shina lake limesimama ardhini, kwani tawi bichi ni njia ya umeme kama waya. Haimkingi akigusa waya mmoja kwa bega na wa pili kwa msumeno. Na mkono mdogo wenye ncha ya chuma, kulabu na kamba iliyolowa, umetokeza mbele ya kinga yote, hata unaweza kuunganisha waya na mti kabla mtu hajanyoosha mkono. Nyaya ziingiazo majumbani zina volti 240, na zile za juu ya nguzo za mtaani aghalabu huwa volti 11,000, nazo za pili haziachi nafasi ya majuto. Nchini Marekani, ambako kazi hii imeandikiwa kanuni nyingi, mtu asiye fundi wa nyaya, pamoja na zana na mzigo wake, hutakiwa kuwa mbali na nyaya za hadi volti 50,000 kwa kiasi cha futi 10, yaani kama mita 3. Nakushauri uzichukue mita hizo 3 kuwa mpaka wako, uupime kuanzia ncha ya mwisho ya tawi linaloning'inia, kwani tawi huzunguka likiwa kambani. Ikiwa mti umeingia ndani ya mpaka huo, kazi si yako mpaka Kenya Power wawe wamezima na kukuthibitishia. Nambari yao ya simu ni 97771.

Lori likigusa waya, walio chini wasilisogelee wala kuligusa, na dereva abaki ndani mpaka umeme uzimwe. Kama kuna moto na hana budi kutoka, aruke miguu yote miwili ikiwa pamoja, asishike lori huku amekanyaga ardhi, kisha aondoke kwa hatua fupi za kuburura nyayo.

Kabla ya kupanda, zunguka mti ukiusikiliza. Mashina mazee yana mapango, na mapangoni hukaa nyuki wetu wa Afrika, ambao mtetemo wa msumeno huwatibua mara moja. Mtu aliyefungwa mkanda juu kikapuni hana pa kukimbilia. Mwite mrina asali awahamishe jioni. Tenga eneo la kazi kwa kamba na watu wawili wa kuzuia, kwa maana njia za Woodley hupitwa na wanafunzi, akina mama watokao soko la Toi, na bodaboda ambao hawaamini kwamba njia imefungwa mpaka waone kwa macho.

Tena mtu mmoja wa chini, asiye na kazi nyingine, awe anajua kushusha kikapu kwa vishikio vya chini, na kwa pampu ya dharura iwapo injini imezimika. Mjaribu asubuhi, ukimwambia: mwenzako amezirai juu, mshushe. Akichukua muda kutafuta kishikio, kazi isianze. Hospitali Kuu ya Kenyatta iko karibu, lakini ukaribu wake haumfai mtu aliyebaki juu mita 12.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye zana za kuinulia, minyororo na kamba azipeleke kukaguliwa kwa vipindi na mkaguzi aliyeidhinishwa, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka uo huo inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba aonyeshwe karatasi zote mbili langoni, pamoja na kibali cha Kaunti cha kukata mti, kabla lori halijaingia. Wala si kila mti wa kukatwa. Mwaka 2020 mugumo mkongwe wa Waiyaki Way, uliokuwa umeingiliana na ujenzi wa barabara kuu ya juu, ulinusurishwa kwa amri ya serikali, nao umesimama. Mti wa nyuani kwako nao pengine unataka kupunguzwa matawi mawili tu, kazi ambayo haihitaji winchi hata kidogo.

Neno langu la mwisho ni kwako wewe unayelipa. Mkataji mwangalifu atakuambia kwamba gogo la sentimita 60 atalikata vipande vya nusu mita badala ya kulishusha zima, au kwamba sehemu ya chini inahitaji kreni ya kuinulia mizigo kwa sababu lori lake halina haki ya kuibeba, na kwamba kwa hiyo kazi itachukua siku mbili. Jirani atakuambia kuna mwingine awezaye kuimaliza kwa siku moja kwa bei nafuu. Usimshindanishe huyo wa kwanza na huyo wa pili. Mkubalie siku ya pili, na umlipe.